Kabla ya Kubisha Hodi kwa Wakili

Wengi wanaoumia katika ajali za barabarani nchini Kenya hufika kwa wakili wakiwa na maumivu, hasira na bili za hospitali, lakini hawana namba ya gari. Wanakumbuka rangi ya matatu, steji walikopandia, hata sura ya utingo. Kesi ya fidia, hata hivyo, hufunguliwa dhidi ya mtu au kampuni yenye jina, na jina hilo hutafutwa kwa namba ya usajili. Namba isipokuwepo, kikao cha kwanza hugeuka kuwa mazungumzo ya kupeana pole.

Pole haitoshi, kwa sababu utaratibu wa mahakama unataka ushahidi uwe tayari mapema kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 zinataka hati ya madai iwasilishwe pamoja na orodha ya mashahidi, maelezo yao ya maandishi na nakala za nyaraka zitakazotegemewa. Hakuna tena kufungua kesi leo na kuhangaikia karatasi mwakani. Kwa hiyo siku ya kwanza ofisini ndiyo siku ambayo kesi hupimwa: nani alaumiwe, nani atalipa, na kitu gani kitathibitisha hayo yote. Majeruhi anayekuja na bahasha iliyopangwa humwezesha wakili kuyajibu maswali hayo. Asiye nayo hupewa orodha ya vitu vya kutafuta, akarudi nyumbani, na wengine hawarudi tena.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza nyanya katika soko la Kongowea, Mombasa, aliyevunjika paja matatu ilipopinduka kwenye barabara ya kuelekea Malindi. Ataulizwa kwanza kama ajali iliripotiwa polisi. Ripoti huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu hukiita OB, na kupewa namba. Kutokana na OB kituo hutoa abstrakti ya polisi: karatasi yenye tarehe na mahali pa ajali, namba za magari, majina ya madereva na wenye magari, kampuni ya bima na namba ya hati ya bima, pamoja na jina la aliyeumia. Mama akiwa bado amelazwa, ndugu au jirani anaweza kwenda kituoni kufuatilia namba hiyo kwa niaba yake.

Abstrakti isomwe pale pale kaunta kabla ya kuondoka. Herufi moja iliyokosewa katika namba ya gari inaweza kuielekeza kesi kwa mtu asiyehusika. Jina la majeruhi nalo lilingane na la kitambulisho. Akina mama wengi huandikwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza au la mume, kwa kuwa karani wa hospitali aliandika alichotajiwa na msamaria aliyemleta mgonjwa. Miaka miwili baadaye wakili wa upande wa pili anasimama na kuuliza kama mwanamke aliyetibiwa ndiye huyu anayetoa ushahidi. Swali hilo linakera, lakini ni halali, na dawa yake ni kusahihisha jina mapema.

Kuhusu nani hasa mwenye gari, mahakama zimevutana kwa miaka mingi. Uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 1997 ulitaka ushahidi zaidi ya abstrakti pale mdaiwa anapokana umiliki. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba abstrakti inaweza kutosha ikiwa upande wa pili haukuleta chochote cha kuipinga. Hakuna sababu ya mama wa Kongowea kubahatisha kati ya maamuzi hayo mawili. Kumbukumbu za gari hupatikana NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na siku hizi huombwa kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Matatu nyingi huuzwa mkono kwa mkono huku logibuku ikibaki na jina la zamani, ndiyo maana mawakili hupenda kuwashtaki kwa pamoja dereva, aliyesajiliwa, na yule anayepokea hesabu ya kila siku.

Dereva akiwa alipelekwa mahakamani, namba ya kesi hiyo ya trafiki iingie kwenye bahasha. Chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, mtu akishapatikana na hatia na rufaa zikaisha, hukumu hiyo ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile. Bado anaweza kudai kwamba majeruhi naye alichangia, lakini hawezi kurudi nyuma na kusema hakuendesha ovyo.

Picha za eneo la ajali zina nguvu yake, zikiwa bado ndani ya simu iliyozipiga. Kifungu cha 106B cha sheria hiyo hiyo kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika. Picha iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi hakuna anayejua aliyeipiga huleta mabishano yasiyo na faida. Mpigaji atafutwe, jina na simu yake viandikwe, na asiifute.

Kisha litakuja swali ambalo wengi hawalitarajii. "Mama, ulilipa nauli?" Atajibu, "Nililipa, wakili, lakini yule kijana hakunipa risiti." Wakili hamchunguzi kwa ubaya. Sheria ya Bima ya Magari kwa hatari za watu wengine, Sura ya 405, inalazimisha bima kwa abiria wanaobebwa kwa malipo na kwa wale wanaosafirishwa kwa sababu ya kazi. Hailazimishi bima kwa mtu aliyepewa lifti katika gari la binafsi. Aliyepanda matatu, aliyepewa lifti na rafiki, na aliyegongwa akivuka barabara kwa miguu wanaweza kuvunjika mfupa ule ule, lakini njia ya kuipata pesa ikawa tofauti kwa kila mmoja. Aliyelipa kwa M-Pesa ana ujumbe kwenye simu, ajihadhari asiufute.

Sura ya 405 ina jambo jingine la kufahamika kabla mtu hajaanza kuota mamilioni. Kiwango ambacho kampuni ya bima inalazimishwa na sheria hiyo kumlipa mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, ziada hudaiwa kwa mwenye gari, na mwenye gari anaweza kuwa hana kitu. Kampuni yenyewe pia inaweza kuanguka. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zote zikiwa zimekatia bima magari mengi ya abiria, na watu waliokuwa wameshinda kesi wakajikuta wanangoja malipo kwa miaka. Ni haki kabisa kumuuliza wakili katika kikao cha kwanza: bima ya gari hili ni ya kampuni gani, na hali yake ikoje? Bima inapaswa pia kuarifiwa kuhusu kesi ndani ya muda uliowekwa, la sivyo inaweza kukwepa kulipa hukumu. Kazi hiyo ni ya wakili, lakini haiwezekani bila namba ya hati ya bima iliyoandikwa kwenye abstrakti au kwenye stika ya kioo cha mbele.

Sasa tufike hospitalini, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa sababu ndogo.

Sheria hutofautisha mafungu mawili. Kuna fidia ya jumla kwa maumivu na kwa uwezo wa mwili uliopotea, ambayo jaji au hakimu huikadiria. Kuna pia hasara mahususi, yaani pesa ambazo mtu amezitoa mfukoni: dawa, kulazwa, eksirei, magongo, teksi ya kwenda kliniki. Katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh ya mwaka 1985, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisisitiza kwamba hasara mahususi lazima zitajwe wazi katika madai na kuthibitishwa kikamilifu. Uamuzi huo unanukuliwa mpaka leo karibu katika kila kesi ya ajali. Maana yake kwa mama wa Kongowea ni nyepesi na kali: elfu arobaini alizotumia bila risiti huenda zisirudi hata kama kila mtu mahakamani anaamini alizitumia.

Risiti za duka la dawa huchapishwa kwenye karatasi inayofifia. Zipigwe picha au zitolewe nakala wiki ile ile. Aliyesafirishwa na bodaboda kila Jumatano kwenda kufanyiwa mazoezi ya viungo amwombe mwendeshaji aandike na kutia sahihi, au amlipe kwa simu ili rekodi ibaki. Harambee ya familia ikilipa bili, risiti bado zitolewe kwa jina la mgonjwa.

Nyaraka za tiba zenyewe ni muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitali, kadi za kliniki, picha za eksirei pamoja na maelezo ya mtaalamu aliyezisoma, na fomu ya P3 iliyojazwa na daktari. Wengi huishika P3 kana kwamba ndiyo kesi nzima. P3 ni fomu ya polisi. Humwambia mwendesha mashtaka ukubwa wa dhara. Kwa fidia, wakili atampeleka majeruhi kwa daktari mwingine aandike ripoti ya kitabibu inayoeleza jeraha, lilivyopona, kiasi cha ulemavu uliobaki na matibabu yajayo. Bima nayo ina haki ya kutaka daktari wake amchunguze. Madaktari hao wawili wakitofautiana, kumbukumbu za siku ya kwanza kutoka hospitali ya umma ndizo huamua nani aaminiwe, na kadi moja iliyopotea inaweza kumfanya mtu aonekane mwongo.

Matibabu yajayo yanastahili kutajwa peke yake. Aliyewekwa vyuma kwenye paja huenda akarudi ili vitolewe. Mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba gharama ya namna hiyo isipotajwa katika madai haitolewi. Kwa hiyo, kabla ya kikao, mgonjwa amuulize daktari wake maswali mawili: je, vyuma vitatolewa, na kwa shilingi ngapi? Apewe jibu kwa maandishi.

Na fidia ya jumla? Bunge liliwahi kujaribu kuweka jedwali la viwango vya kila jeraha katika Sura ya 405, lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu ililibatilisha kwa kuwa lilikiuka Katiba, ingawa kikomo cha milioni 3 kilibaki. Mahakama huendelea kulinganisha jeraha na majeraha yanayofanana katika kesi zilizopita. Hukumu hizo zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na kijana yeyote wa familia anayejua kutafuta anaweza kusoma tano au sita kuhusu kuvunjika paja kabla mama yake hajaonana na wakili. Si ili amfundishe wakili kazi, bali familia ijue viwango halisi na isidanganywe na hadithi za vijiweni.

Wafanyabiashara wadogo huogopa swali la kipato, kwa sababu hawana hati ya mshahara. Wasiogope. Mwaka 2005, katika kesi iliyotokana na kifo cha fundi seremala, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba kazi na kipato cha mtu vithibitishwe kwa vyeti na nyaraka tu. Majaji waliona kwamba msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasioweka kumbukumbu lakini wanaojipatia riziki zao kwa njia mbalimbali. Hata hivyo, ushahidi wa mdomo una nguvu zaidi ukishikwa mkono na kitu kingine: taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kabla ya ajali na sita baada yake, daftari la chama, kibali cha biashara cha kaunti, au mwenzake wa kibanda jirani aliye tayari kusema mahakamani kwamba mama huyu alikuwa akinunua kreti ngapi kwa wiki.

Jambo gumu kuliko karatasi ni ukweli. Abiria hakufunga mkanda. Mwendesha bodaboda alikuwa amekunywa. Goti lile lile liliumia mwaka uliopita. Mambo haya huonewa aibu na kufichwa, hasa mbele ya wakili kijana, lakini kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamkataza wakili kufichua bila idhini aliyoelezwa na mteja katika kazi yake, isipokuwa yaliyosemwa kwa nia ya kutenda haramu. Upande wa pili utayagundua. Mikanda ya usalama ni lazima katika magari ya abiria tangu kanuni zilizoletwa na Waziri John Michuki zianze kutekelezwa Februari 2004, na mawakili wa bima huuliza juu ya mkanda bila kukosa. Kukiri kunaweza kupunguza sehemu ya fidia, kwa kuwa mahakama hugawa lawama. Kugundulika umedanganya huharibu hata sehemu iliyokuwa kweli. Ndiyo sababu maelezo ya ajali yaandikwe nyumbani mapema, kwa Kiswahili au lugha yoyote ya moyoni, kumbukumbu zikiwa mbichi: saa, mvua au jua, mwendo, nani aliketi wapi, nini kilionekana kabla ya kishindo. Wakili akishayatia katika Kiingereza cha mahakama, mteja ana haki ya kusomewa yote kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi, kwa kuwa atahojiwa juu ya kila sentensi.

Kuna watu ambao hawatangoja mtu ajiandae. Wengine hufika wodini siku ya pili, wakiwa na fomu na kalamu, wakisema wametumwa na wakili. Kuwinda wateja kwa madalali ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili. Wengine hutoka upande wa bima na kutoa pesa za haraka kwa sharti la kutia sahihi hati ya kumaliza madai, na mgonjwa hutia kidole gumba kabla hata hajajua kama mguu utapona. Jibu kwa wote wawili ni moja: acha karatasi, nitaisoma na jamaa zangu. Wakili aliyechaguliwa naye akaguliwe. LSK, chama cha mawakili, kina orodha ya wenye cheti cha kufanya kazi, ambacho huisha kila tarehe 31 Desemba. Oktoba 2023 tawi la Nairobi la chama hicho lilitoa tahadhari juu ya mtu aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia akaunti ya wakili halisi mwenye majina yanayofanana na yake, basi ukaguzi huo wa dakika tano si utovu wa adabu.

Gharama zizungumzwe siku hiyo hiyo, bila haya. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mapatano ya wakili kulipwa iwapo atashinda tu. Ahadi ya kwamba mteja halipi chochote hadi ushindi, kisha wagawane nusu kwa nusu, haina ulinzi wa sheria kwa yeyote. Ada hukadiriwa kwa Amri ya Malipo ya Mawakili au kwa mapatano ya maandishi. Mteja aulize nani atalipia ripoti ya daktari, ada za mahakama na siku ya daktari kuja kutoa ushahidi. Fidia itapokelewa kwenye akaunti gani na ataarifiwaje. Na akishindwa, ni nani atalipa gharama za upande wa pili, maana kwa kawaida aliyeshindwa ndiye hulipa. Asiye na uwezo anaweza kubisha Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, au ofisi za msaada wa kisheria zilizowekwa na sheria ya mwaka 2016. Fedha zikizuiliwa baadaye, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili hupokea mashtaka.

Aliyeumia kazini ana njia nyingine. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 humpeleka kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na madai huwasilishwa ndani ya miezi 12. Mahakama ya Juu iliithibitisha njia hiyo Desemba 2019. Familia ya aliyefariki nayo kwa kawaida haiwezi kufungua kesi kwa cheti cha kifo peke yake. Huhitaji kwanza kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi, hata kama ni cha muda kwa ajili ya kesi, na kibali hicho huchukua wiki ambazo hazirudishwi.

Kwa ajali ya kawaida, kifungu cha 4 cha Sheria ya Ukomo wa Madai kinatoa miaka 3 tangu siku ya ajali. Kwa madai ya uzembe dhidi ya serikali, kama vile kugongwa na gari lenye namba za GK, muda ni miezi 12. Mahakama inaweza kuongeza muda pale mtu alipokuwa hajui jambo la msingi kuhusu jeraha lake. Kutojua kwamba sheria ina tarehe ya mwisho hakuhesabiwi. Anayeyasoma maelezo haya akiwa bado na plasta mguuni, au akimuuguza aliye nayo, aandike leo tarehe ya ajali kwa kalamu nene juu ya bahasha, na chini yake tarehe ambayo haki yake itakwisha. Kisha amwone wakili mapema, wakati mashahidi bado wanapatikana kwa namba zao za simu.